Mizinga ya Mti

Hapa Milanzi ukitaja mzinga, wengi hukumbuka lile gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini ili nyuki waingie. Mzinga wa vita nao huitwa hivyo hivyo, maana ni kitu cha mviringo chenye tundu. Basi mimi na mwanangu, jioni baada ya kazi, twachonga mizinga midogo ya namna hii ya pili, kwa mti wa mninga, kila mmoja na gari lake.

Tulianza na bomba, kama wafanyavyo wengi, tukadhani kazi imekwisha. Kumbe gari ndilo kazi yenyewe. Kila sentimita 10 za kitu chenyewe twaifanya sentimita 1. Gurudumu la sentimita 120 huwa la sentimita 12. Tukalikata kwa ubao mmoja, likapasuka kufuata nyuzi za mti. Sasa twashikanisha mbao mbili nyembamba kwa sherizi, nyuzi za moja zikikingamana na za nyingine. Yale masikio mawili ya ubavuni yakaliayo gari lazima yawe mbele kidogo ya kati, ili nyuma ya mzinga iwe nzito na kulala juu ya kabari. Ukisogeza kabari, mdomo huinuka au hushuka.

Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilipozamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji, Julai 1915, mizinga yake 10 iliopolewa. Ilikuwa mizinga ya sitahani, haina magurudumu. Ilibidi mafundi wa Dar es Salaam waitengenezee magari, ndipo ikaweza kukokotwa nchi kavu.

Mwanangu aliposikia hayo akataka baruti. Akasema, "Baba, mzinga usiolia ni mzinga gani?" Nikakataa. Nilipokuwa kijana, rafiki yangu alishindilia baruti ya gobore katika kipande cha bomba la baiskeli. Likapasuka mkononi, akapoteza vidole viwili. Mti hauna nguvu hata ya bomba lile. Kijana akanuna siku tatu, asiguse patasi.

Ndipo nikamweleza habari za Kasanga, huko chini ziwani, katika nchi yetu hii ya Ufipa, mahali ambapo Wajerumani walipaita Bismarckburg. Juni 1916 Nahodha Geoffrey Spicer-Simson wa Uingereza alifika na vyombo vyake mbele ya boma. Alipoiona mizinga yake hakuthubutu kushambulia, akarudi hadi Kituta. Wajerumani wakapata nafasi, wakatoroka kwa mashua, na wakuu wa jeshi la nchi kavu wakamkasirikia sana nahodha yule. Boma lilipotwaliwa, mizinga ile ikaonekana kuwa miti mitupu.

Kijana akacheka, kisha akanyamaza kitambo. Akauliza tundu lake lilikuwa la kina gani. Nikamwonyesha kwa ule wetu: kina cha vidole viwili chatosha, kikipakwa masizi, na atazamaye kwa mbali huona kama halina mwisho.

Kesho yake alikuwa amekwisha kuamka kabla yangu, ananoa patasi. Mzinga wa tatu u tayari, ila gurudumu la kushoto bado lapepesuka. Amesema atalikata upya.