Imeandikwa 16x, mbona DVD bado inajikokota?

Usicheke, kuna watu bado wanachoma DVD. Pita River Road hapa Nairobi, ama uliza kijana yeyote mtaani anayepiga video za harusi, ruracio na mazishi. Bwana na bibi harusi watapewa flashi, sawa. Lakini nyanya kule shagz ana ile deki ya DVD iliyokaa chini ya TV, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na anataka diski yenye picha ya mjukuu wake juu. Mwenyekiti wa kamati naye anataka yake. Kwaya inataka za kuuza. Ukijumlisha, unajipata na oda ya diski 50, mteja anazitaka Ijumaa, na arbuni ulishaikula.

Usiku wa Alhamisi kompyuta inaanza madharau. Kitu cha kwanza ambacho wengi hufanya ni kutafuta draivu mpya yenye namba kubwa zaidi kwenye boksi. Pesa zinaenda, na kasi inabaki ile ile. Kuchoma diski ni kama foleni ya kupitishana ndoo za maji siku mifereji ya ploti imekauka. Hata mtu wa mwisho akiwa na mbio kama Kipchoge, atangojea yule mzee aliye katikati. Swali ni moja tu: kwako wewe, mzee ni nani?

Tuanze na hiyo namba yenyewe. Mimi niliachia chuo njiani, lakini hesabu hii haidai digrii. Kwa CD, 1x ni kilobaiti 150 kwa sekunde, ile kasi ya kusikiliza muziki kawaida. Kwa DVD, 1x ni kama megabaiti 1.4 kwa sekunde, yaani karibu mara 9 ya CD. Kwa Blu-ray ni megabaiti 4.5. Kwa hivyo ukiona draivu imeandikwa 52x upande wa CD na 16x upande wa DVD, usidhani DVD ndiyo ya pole. Ile 16x inapitisha data takriban mara tatu ya ile 52x.

DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7. Kwa 1x ingekukalisha karibu dakika 57. Sasa gawanya kwa 16, unapata dakika tatu na nusu, si ndiyo? Lakini wapi! Ukweli ni kama dakika 5 hadi 6.

Kuna kitu boksi halikwambii. Diski huanza kuandikwa kutoka ndani, karibu na tundu, ikielekea nje. Mzunguko wa nje ni zaidi ya mara mbili ya ule wa ndani. Mota ikizungusha diski kwa mwendo mmoja, ukingo wa nje unapita mbele ya leza kwa kasi kuliko katikati. Basi draivu ya 16x huanza na kama 6x au 7x, inapanda polepole, na hiyo 16x yenyewe unaionja pale mwisho kabisa. Wastani unakuwa karibu 12x. Na kama video yako imejaza nusu ya diski tu, hiyo 16x hutaiona hata siku moja.

Mbona wasiongeze mota nguvu basi? Kwa sababu plastiki ina mwisho wake. CD ikizunguka kwa 52x inafikisha karibu mizunguko 10,000 kwa dakika. Diski yenye ufa kidogo inaweza kupasukia ndani ya draivu kwa kasi hiyo, ndio maana mbio za namba ziliishia hapo.

Rudi kwenye oda yetu. Tuseme kutoa diski moja na kuweka nyingine kunakula dakika 2. Kwa 16x, kila diski ni kama dakika 8 kwa jumla, kwa hivyo diski 50 ni dakika 400, saa 6 na dakika 40. Kwa 8x, kila moja ni kama dakika 10, jumla 500, saa 8 na dakika 20. Umeona? Umeongeza namba mara mbili lakini umeokoa saa moja na dakika 40 pekee. Lakini ukiwa na draivu mbili za 8x zikichoma kwa pamoja, kazi yote inakwisha kwa saa 4 na kitu. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo pesa ya kutumia, kama ni lazima utumie.

Halafu kuna kale kakisanduku ka kuthibitisha data baada ya kuchoma. Ukikaacha na alama ya tiki, kompyuta inaisoma diski yote upya kulinganisha, na muda unakaribia kuwa maradufu. Mimi hukaacha kwa diski mbili tatu za kwanza. Zikipita, nakatoa na kuendelea, kisha kila baada ya diski kumi hivi najaribu moja kwenye deki.

Sasa tumtafute mzee. Mara nyingi anaishi pale data inakotoka. Kwa 8x, draivu inadai megabaiti 11 kila sekunde bila kukatika. Kuna flashi za bei ya chini zinazohangaika kufika hapo, na kama ni picha elfu mbili ndogo ndogo badala ya faili moja kubwa, inakuwa mbaya zaidi maana kompyuta inafungua na kufunga kila moja. Usichome moja kwa moja kutoka kwa flashi au memori kadi ya kamera. Nakili kila kitu kwenye diski ngumu ya kompyuta kwanza, na kama ni nakala nyingi, tengeneza faili moja ya ISO kisha uchome hiyo hiyo mara 50.

Ndani ya draivu kuna bafa, ghala dogo, mara nyingi megabaiti 2 hivi, linaloshikilia data inayosubiri leza. Kwa 8x hiyo ni akiba isiyofika hata robo ya sekunde. Zamani bafa ikikauka katikati, diski imekufa, unaitundika ukutani kama pambo. Mwaka 2000 Sanyo walileta teknolojia ya BURN-Proof, na kampuni zingine zikaleta zao zinazofanana: leza inasimama, inangoja ghala lijae, inaendelea pale ilipoachia. Diski inaokoka, lakini muda unaenda. Kwa hivyo ukiona alama ya bafa inashuka na kupanda kama matatu kwenye matuta, usilaumu draivu. Funga muziki, zile tabo thelathini za intaneti, na antivirusi isiwe inakagua kompyuta nzima usiku huo.

Wengine nao wanalia kwamba kuchoma DVD kumechukua saa tatu, na ukiangalia, leza haijawaka hata kidogo. Video iliyotoka kwa kamera au simu ni MP4. Deki ya nyanya inataka DVD-Video, ambayo ndani yake ni MPEG-2. Programu inapogeuza kutoka hii kwenda ile, kazi ni ya prosesa, na kwenye laptopu ya kitambo harusi ya saa mbili inaweza kukesha. Hata draivu ya dhahabu haitasaidia hapo. Geuza mara moja, hifadhi matokeo kama ISO, na nakala zote 50 zitatoka bila kurudia mateso hayo. Nimekutana na watu wanaorudia kugeuza kwa kila diski kwa sababu programu imewekwa hivyo, nao wanadhani ni kawaida.

Draivu nyembamba za nje, zile za USB, nyingi mwisho wao ni 8x kwa DVD na 24x kwa CD. Zinategemea umeme wa tundu la USB, na tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500 tu. Ukilichomeka kwenye hub pamoja na mausi, kibodi na simu inayochaji, draivu inakosa nguvu, inajikwaa, wakati mwingine inajizima katikati ya kazi. Chomeka kwenye kompyuta moja kwa moja. Kama waya wake una vichwa viwili, tumia vyote, vipo kwa sababu.

Diski tupu nayo ina neno. Kila moja imeandikwa ndani yake kodi ya mtengenezaji, na draivu huisoma ili ijue ipige leza kwa nguvu gani. Ikikuta kodi isiyoijua, inacheza salama na kushuka hadi 4x au chini, hata kama jalada linajigamba 16x. Zile za bei ya kutupwa mara nyingi ndizo zinazoleta hii shida. Na DVD-RW, zile za kufuta na kuandika tena, ni za pole kwa asili, nyingi haziendi mbali zaidi ya 4x au 6x.

Kasi kubwa pia ina bei yake. Diski iliyochomwa kwa 16x kwenye draivu iliyochoka inaweza kucheza kwako vizuri, halafu kule shagz deki ya miaka mingi inagandisha picha pale pale pasta anapofungisha ndoa. Simu utakayopigiwa si ya kupongezwa. Kwa kazi ya mteja mimi huweka 8x kwenye diski za 16x. Lakini usiende hadi 1x ukidhani ni usalama zaidi, maana diski za siku hizi hazikutengenezewa mwendo huo.

Kama bado hujui mzee wako ni nani, chukua faili moja ya ISO iliyo kwenye diski ngumu, funga programu zingine zote, uichome kwa 8x huku saa mkononi. Ikiisha kwa dakika 8 au 9, draivu ni mzima, shida ilikuwa kugeuza video au ile flashi. Ikichukua 15, badilisha aina ya diski na ujaribu tena. Ikibaki 15, badilisha tundu la USB. Ikikataa hata hapo, puliza vumbi, safisha lenzi, na ndipo sasa uende dukani.