Pia ya Goti na Mzigo Inaoubeba

Kaa chini, nyoosha mguu wako na uulegeze. Shika mfupa mdogo ulio mbele ya goti. Ukiusukuma huku na huku unachezacheza. Sasa kaza paja. Mfupa unapanda juu kidogo na kutulia. Hiyo ndiyo pia ya goti.

Kazi ya pia ni kama ya kapi la jahazi. Mabaharia wakipandisha tanga, kamba hupita juu ya kapi. Hapa mabaharia ni misuli ya paja, na kamba ni kano. Pia huiweka kano mbele kidogo, mbali na kiungo. Kwa hiyo paja linaweza kunyoosha mguu bila kutumia nguvu nyingi.

Lakini kapi nalo hugandamizwa. Kamba ikiwa imenyooka, kapi halioni uzito. Kamba ikipinda na kuvutwa pande zote mbili, kapi hubeba mzigo mkubwa. Goti nalo ni hivyo hivyo. Kadiri unavyolikunja, ndivyo pia inavyogandamizwa kwenye mfupa wa paja.

Tumchukue mama mwenye kilo 60. Akitembea mahali tambarare, pia inagandamizwa kwa karibu nusu ya uzito wake, yaani kilo 30. Akipanda ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe, ni karibu mara 3 ya uzito wake, yaani kilo 180. Akichutama kisha akainuka, hufika karibu mara 7. Hizo ni kilo 420, na hajajitwika kitu!

Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Katika vijiji kama Paje na Jambiani wakulima wengi wa mwani ni wanawake. Mama huyu huinama na kuchutama majini akifunga mwani kwenye kamba. Kisha hubeba mwani mbichi, ambao ni mzito sana. Nyumbani anakaa juu ya mbuzi kukuna nazi, magoti yamekunjwa tena. Goti likimshinda, na fedha ya mwani imekwenda.

Pia ina mfereji wake katika mfupa wa paja. Mtu akiwa na paja dhaifu, au pia iliyokaa juu mno, pia huweza kuvutika upande wa nje. Hapo mzigo wote unaangukia sehemu ndogo. Maumivu huja mbele ya goti, hasa wakati wa kushuka ngazi au kuinuka baada ya kukaa sana.

Wengi husugua dawa tu. Kusugua kunapoza, lakini hakulipi paja nguvu. Kaa, nyoosha mguu, kaza paja, hesabu mpaka 10, kisha legeza. Rudia mara 10, asubuhi na jioni, kwa wiki kadhaa. Wakati wa kufunga mwani nchi kavu, kalia kigoda badala ya kuchutama. Katika ngazi, panda kwa mguu mzima kwanza, na shuka kwa mguu mbovu kwanza. Mwenye maumivu makali asione haya kusali amekaa, dini imemruhusu.

Goti likivimba na kuwa la moto, na mtu ana homa, aende hospitali siku hiyo hiyo. Pia ikihama kabisa, msiisukume kwa nguvu. Ufungeni mguu kwenye ubao kama ulivyo, mkampeleke.