Je, Samadi ya Ng'ombe Wako Yatosha Kupikia?

Ikiwa unaishi mtaa wa Huruma mjini Eldoret na una ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba, yamkini umewahi kuambiwa kwamba unatupa kawi kila asubuhi unapozoa samadi. Ni kweli. Hata hivyo, kabla hujakopa pesa na kumwita fundi achimbe shimo, kaa chini upige hesabu kidogo.

Gesi ya samadi si jambo geni nchini. Mkulima wa kahawa, Tim Hutchinson, alijenga mtambo wa kwanza mwaka wa 1957 ili apate gesi na mbolea ya shamba lake. Mwaka wa 2009 ukaanza mpango wa kitaifa uliowasaidia wafugaji kujenga maelfu ya mitambo ya nyumbani. Mingine yawaka hadi leo, mingine ilizimika mapema. Wakati mwingine mtambo uliozimika haukuwa mbovu, ulikuwa na njaa.

Humo tangini mna bakteria wasiotaka hewa, jamaa ya wale walio tumboni mwa ng'ombe. Wao hula samadi na kutoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani, ndiyo inayowaka. Sharti walishwe kila siku, samadi kwa maji, ndoo kwa ndoo. Ukimwaga humo maji ya sabuni au dawa ya kupe, umewaua.

Sasa hesabu yenyewe. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa zizini hutoa samadi kilo 15 hivi kwa siku. Wawili ni kilo 30. Kilo moja hutoa lita 35 hadi 40 za gesi, kwa hivyo utapata zaidi kidogo ya lita 1,000. Jiko moja hula lita 350 hivi kwa saa. Basi una moto wa muda wa saa tatu kwa siku: chai ya asubuhi, ugali na mboga, na maji ya kuoga mtoto. Maharagwe makavu je? Hayo yataumaliza moto wote peke yake, na bibi wa nyumba atarudi kwenye makaa akinung'unika. Yaloweke usiku kucha kwanza.

Hesabu hiyo ni ya ng'ombe asiyetoka. Yule anayezururishwa kando ya barabara huacha samadi huko huko, nawe wabaki na ya usiku tu. Na ng'ombe mmoja? Sikushauri.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mitambo hawalisemi sana. Bakteria hao hupenda joto la nyuzi 35 hivi, na Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari. Wewe mwenyewe wajua baridi ya Julai. Ndiyo maana mtambo huzikwa ardhini, na hata hivyo gesi hupungua miezi hiyo. Weka akiba ya makaa.

Ukishajaza tangi mara ya kwanza, subiri majuma kadhaa. Gesi ya mwanzo haishiki moto. Iache itoke nje, mbali na moto wowote, na kamwe usiwashe kiberiti kwenye tangi.

Na kuna swali ambalo mtu wa shambani hana haja ya kujiuliza, ila wa Huruma analo. Ukitia kilo 30 za samadi na lita 30 za maji, karibu ujazo huo huo utatoka upande wa pili kila siku. Ni mbolea nzuri mno kwa mabingobingo. Lakini kwenye ploti yenye wapangaji, itakwenda wapi? Kama una shamba nje ya mji, utahitaji mapipa na mkokoteni. Kama huna, tafuta kwanza jirani mwenye bustani atakayeichukua, kisha ndipo umwite fundi.