Ordinatere ya zamani ikikufa: tafuta ugonjwa mbele ya kutafuta pyesi

Hapa Kabambare, ordinatere ya mezani si kitu cha mtu mmoja. Masini moja ndani ya sekretaria inaandika barua za kesi, bulletini za masomo, liste ya wanafunzi wa Ekzetati, na wakati mwingine ripoti za kituo cha afya. Siku inakataa kuwaka, watu wengi wanasimama pamoja nayo. Na mwenye masini anapewa haraka shauri moja: "Kati-meri imeungua. Tuma pesa Kindu, wakununulie ingine."

Mara nyingi shauri hilo linakula pesa bure. Pyesi za ordinatere za zamani zenyewe hazina bei kali. Chenye kumaliza mfuko ni safari: kutuma mtu Kasongo ama Kindu, kungoja wakati wa mvua njia zikiwa matope, halafu kufungua karatasi na kuona pyesi haiingii. Basi safari inaanza tena. Pyesi ya bei chini ni ile unayoijua jina lake mbele ya kuinunua.

KURANT NJO MUUAJI WA KWANZA

Wengi wetu tunapata kurant kwa jenereta ama kwa pano ya jua. Jenereta ndogo haitoi kurant yenye kutulia: wakikata masini ya kusaga ama frigo, kurant inapanda, wakiwasha tena, inashuka. Wa kwanza kupokea pigo hilo ni alimantasio, lile sanduku la chuma lenye vantilatere, kule nyuma unakochomeka kamba ya kurant. Kazi yake ni kubadilisha kurant ya volti 220 kuwa volti 12, 5 na 3.3 zenye ordinatere inatumia.

Ndiyo sababu alimantasio inakufa mara nyingi, na wakati mwingine inakufa peke yake, ikiacha kati-meri salama. Mtu anaona masini kimya kabisa, hakuna taa, hakuna sauti, anafikiri yote imeungua, kumbe ni sanduku moja tu.

Kuna ajali ingine ya kujua. Alimantasio za zamani ziko na kitufe kidogo chekundu nyuma, chenye kuandikwa 115 na 230. Masini zenye kutoka Marekani zinaweza kufika kitufe kikiwa kwa 115. Ukichomeka hivyo kwa kurant yetu ya 220, utasikia mlipuko na harufu ya kuungua. Kwa hiyo kila masini ya mitumba, angalia kitufe hicho mbele ya kuichomeka.

PIMA KWANZA, BILA KUNUNUA KITU

Chomoa kamba ya kurant. Gusa chuma cha sanduku kwa mkono, halafu fungua ubavu. Fuata mpango huu:

Moja, ondoa vumbi. Vumbi likijaa vantilatere, prosesere inapata joto kali na masini inajizima kisha dakika chache. Tumia brashi laini, si maji.

Mbili, chomoa bareti za RAM. Sugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa gome safi ya kufutia penseli, pangusa, rudisha mpaka zishike vizuri pande zote mbili. Kama ziko mbili, jaribu moja-moja. Masini yenye kuwaka vantilatere lakini ekra inabaki nyeusi, mara nyingi inapona hapa, bila kulipa hata franga.

Tatu, angalia batri ndogo ya mviringo juu ya kati-meri. Inaitwa CR2032, ni ya volti 3. Ikiisha, masini inasahau saa na tarehe, inaleta maneno ya makosa wakati wa kuwaka, na kuna zenye kukataa kuwaka kabisa. Kati ya pyesi zote, hii njo ya bei ndogo zaidi.

Ine, angalia kondansatere, zile kopo ndogo zenye kusimama juu ya kati-meri. Kichwa chake kinapaswa kuwa sawa kama meza. Kikivimba ama kikitoa maji ya kahawia, umepata ugonjwa. Masini nyingi za karibu mwaka 1999 mpaka 2007 ziliuguwa hivyo, kwani viwanda vilitumia kondansatere mbaya. Dell OptiPlex GX270 na GX280 zilijulikana sana kwa tatizo hilo. Habari njema ni kwamba fundi wa redio anaweza kuzibadilisha. Ziwe na mikrofaradi sawasawa, volti sawa ama kupita, ziandikwe 105°C, na ziwe za aina ya kazi ya ordinatere. Zile za kawaida za redio hazidumu.

Tano, pima alimantasio kwa multimetre. Kazi hii ni ya fundi mwenye kuzoea. Kwa alimantasio ya kawaida, ile inayoitwa ATX, anaichomoa kwa kati-meri, anaunganisha waya wa kijani na mmoja mweusi, halafu anachomeka kurant. Waya wa njano utoe karibu volti 12, mwekundu 5, wa rangi ya chungwa 3.3. Ikitofautiana kupita asilimia 5, alimantasio hiyo haifai, hata kama vantilatere yake inazunguka. Na usifungue sanduku la alimantasio lenyewe: ndani kunabaki kurant yenye kuweza kuua, hata kisha kuchomoa kamba.

JUA JINA LA PYESI

Kila mwenye moto anajua pistoni ya TVS haiingii ndani ya Boxer. Ordinatere ni vilevile.

RAM ziko na vizazi: DDR, DDR2, DDR3, DDR4. Hakuna kimoja chenye kuingia mahali pa kingine. DDR2 na DDR3 zinafanana sana kwa macho, zote ziko na meno 240, lakini pengo la katikati haliko mahali pamoja. Ukilazimisha, unavunja. Angalia karatasi juu ya bareti: PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3. Tena RAM ya laptopu ni fupi, haiingii kwa masini ya mezani.

Kwa diski, angalia kamba. Kamba pana kama mkanda ni IDE, ya zamani zaidi, na diski zake sasa ni shida kupata. Kamba nyembamba ni SATA. Kama masini yako ni ya SATA, uko na bahati: hata diski ndogo yenye kutoka kwa laptopu yenye kufa itaingia na kufanya kazi.

Kwa alimantasio, masini yenye kuunganishwa na fundi inapokea karibu ATX yoyote yenye nguvu ya kutosha. Lakini masini za Dell, HP na Lenovo mara nyingi ziko na alimantasio zenye umbo lao ama meno yao. Kuna Dell za mwisho wa miaka ya 1990 zenye tundu linalofanana kabisa na ATX, kumbe waya zimepangwa vingine: ukiweka alimantasio ya kawaida, unaunguza kati-meri yenyewe. Kwa masini hizo, tafuta namba ileile yenye kuandikwa ubavuni.

WAPI KUTAFUTA

Duka la kwanza liko karibu kuliko unavyofikiri. Ndani ya depo za masomo, za misioni, za biro za serikali na za mashirika yenye kuondoka, kuna ordinatere zenye kufa zimelala chini ya vumbi. Masini moja ilikufa kwa kati-meri, ingine kwa alimantasio. Ukiziweka pamoja, mbili zenye kufa zinaweza kuzaa moja yenye kuishi. Omba ruhusa kwa mkubwa wa biro, andikeni karatasi, kila pyesi yenye kutoka ijulikane. Na diski ya masini hiyo usiitumie bila ruhusa ya mwenyewe: inaweza kuwa na majina ya wagonjwa ama siri za watu.

Kisha hapo njo Kasongo na Kindu, kwa mafundi wenye kununua masini zenye kufa kwa ajili ya pyesi. Waulize hao mbele ya maduka ya vitu vipya, kwani pyesi mpya ya DDR2 ama ya IDE karibu haitengenezwi tena. Hata ukiambiwa ni mpya, mara nyingi imesafishwa tu.

Njia ya tatu ni ya ziwa. Mitumba ya ordinatere inashuka Dar es Salaam, inafika Kigoma, inavuka Tanganyika mpaka Kalemie na upande wa Baraka. Njia ya Goma na Bukavu ilivurugika wakati M23 ilichukua miji hiyo miwili Januari na Februari 2025 na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Kwa hiyo usitegemee njia moja. Uliza bei kwa pande mbili mbele ya kutuma pesa.

UKITUMA MTU, MTUME NA PICHA

Piga picha tatu kwa simu: karatasi ya pyesi yenye kuharibika, tundu lenye kuipokea, na jina la masini nyuma ya sanduku. Tuma kwa WhatsApp kwa mwenye kuuza. Vizuri zaidi, mpe msafiri pyesi ya zamani mkononi, alinganishe mwenyewe. Patana kwamba pyesi ijaribiwe mbele ya macho yake, na kwamba isipofanya kazi, irudishwe kwa siku mtakazokubaliana. Usilipe yote kwa M-Pesa ama Airtel Money mbele ya kuona picha ya pyesi yenyewe ikiwaka ndani ya masini.

WAKATI WA KUACHA

Piga hesabu ya pyesi pamoja na usafiri. Ikipita nusu ya bei ya ordinatere nzima ya mitumba, acha. Kama kati-meri njo imekufa kweli, kununua sanduku zima la aina ileile mara nyingi ni rahisi kuliko kati-meri peke yake, na unabaki na alimantasio, RAM na vantilatere za akiba. Fikiria pia mafuta ya jenereta: masini ya mezani na ekra yake kubwa ya zamani inakula kurant kupita laptopu mara nyingi. Kwa mwenye kutumia pano, laptopu ya mitumba inaweza kulipa yenyewe.

Hata ukiacha masini, usiache diski. Kati-meri ikikufa, diski mara nyingi ni nzima. Fundi aitoe, aichomeke kwa masini ingine, atoe majina ya wanafunzi, hesabu na barua zote, aziweke kwa kle USB mbili, moja ibaki nyumba ingine. Pyesi inaweza kupatikana Kasongo ama Kindu. Liste ya miaka mitano ya masomo haiuzwi popote.

Na masini ikipona, weka stabilizatere kati yake na jenereta, washa ordinatere kisha jenereta kutulia, na uizime mbele ya kukata jenereta. Bila hiyo, alimantasio mpya itaenda njia ya ile ya zamani.