Vigae vya Chupa Mwambaoni Rumonge: Kazi ya Saa za Mapumziko kwa Askari

Askari aliyewahi kufanya doria katika mwambao wa Rumonge anakijua vyema kigae cha chupa. Hujilaza mchangani kimya kama bomu la kutegwa, aghalabu ncha yake ikiwa juu, wala hakibagui kati ya buti la mlinzi, ndara za mchuuzi wa dagaa na mguu mtupu wa mtoto aendaye alfajiri kuwapokea wavuvi. Jeraha lake huwa jembamba lakini la kina, na likiingiwa na mchanga huchelewa kupona. Makala haya yanakusudia kuwaeleza maafisa na askari, wa jeshi na wa polisi, jinsi kigae hicho kinavyoweza kuokotwa, kulainishwa na kung'arishwa hata kikawa kitu cha kupendeza mkononi, kwa kazi isiyohitaji nguvu nyingi wala fedha nyingi, ila yataka uvumilivu wa majuma kadhaa.

Ukitoka Bujumbura kuelekea kusini, barabara huandamana na Ziwa Tanganyika kwa zaidi ya kilomita 70 kabla hujaingia Rumonge, mji wa mawese na samaki. Mtu asiyeufahamu mwambao huu angedhani kwamba vigae vyote vyatokana na chupa za bia zilizotupwa ovyo. Hiyo ni nusu tu ya habari. Chupa nzima ya bia au ya soda ina amana yake dukani, na kwa sababu hiyo haikai chini. Kabla jua halijapanda mtu amekwisha kuiokota na kuirudisha. Chupa iliyovunjika ndiyo isiyo na mwenyewe. Pamoja nayo kuna vioo vya karabai, zile taa ambazo wavuvi wa usiku walizitumia kwa miaka mingi kuvutia dagaa kabla taa za betri hazijaenea. Tena kuna vioo vya madirisha. Maji ya ziwa yalipopanda mno katika miaka ya 2020, 2021 na 2024, nyumba nyingi za ufukoni upande wa Burundi ziliingiliwa na maji, nyingine zikabomoka, na kilichokuwa dirisha la sebule kikageuka kuwa makali yaliyofukiwa mchangani.

Ziwa lenyewe hufanya kazi ya kuyapunguza makali hayo. Pepo za kiangazi zivumazo kutoka kusini huinua mawimbi, mawimbi huviringisha kigae juu ya kokoto, na kila mgongano huondoa chembe isiyoonekana kwa macho. Baada ya miaka mingi hupatikana kipande cha mviringo, chenye ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Huko Fort Bragg, katika jimbo la California, Marekani, wakazi walitupa takataka zao pwani tangu mwaka 1906 hadi 1967. Bahari ikazisaga chupa zao, na leo watu husafiri kutoka mbali kwenda kuutazama ufuko huo wa vioo. Lakini hakuna mzazi wa Rumonge atakayekubali kungoja miaka 50 mwanawe akikanyaga vigae. Afadhali viokotwe sasa, na kazi ya mawimbi ifanywe na pipa dogo linalozunguka kambini.

PIPA NA MCHANGA

Chombo chenyewe ni rahisi. Ni pipa lenye ukubwa wa kopo la rangi la lita 2 au 3, lililofunikwa ndani kwa mpira ili kupunguza kelele na kuzuia vioo visigonge chuma. Hulazwa ubavu juu ya fito mbili za chuma. Fito moja huzungushwa na mota ndogo kwa mkanda, nalo pipa huzunguka polepole, kama mara 30 hadi 50 kwa dakika. Watu wa Ulaya na Marekani hulinunua dukani likiwa tayari, maana huko kung'arisha mawe kwa namna hii ni mchezo wa nyumbani wa siku nyingi. Fundi wa karakana ya kambi, mwenye beringi chache kuukuu na mota ya mashine iliyokwisha kazi, anaweza kuliunda mwenyewe. Wala askari wa ghala la silaha hataliona kuwa kitu kigeni kabisa, kwa kuwa maganda ya risasi nayo husafishwa katika mapipa ya namna hiyo yanapotakiwa kujazwa upya.

Ndani ya pipa hutiwa vigae hadi theluthi mbili, kisha maji mpaka yakaribie kuvifunika, na mwisho unga wa kusagia. Hapo ndipo penye elimu ya kazi hii. Ugumu wa madini hupimwa kwa kipimo cha Mohs chenye daraja 10, almasi ikiwa juu kabisa. Kioo cha chupa kiko karibu na daraja la 5 na nusu. Unga utumiwao na wazoefu ni kabaidi ya silikoni, ambayo Mmarekani Edward Acheson aliipata mwaka 1891 alipokuwa akitafuta namna ya kutengeneza almasi bandia. Ugumu wake wapita daraja la 9. Unga huo si rahisi kuukuta katika duka la mjini kwetu, lakini kwa hatua ya kwanza mwandishi huyu haoni sababu ya kuusubiri. Punje za kwazi zilizomo mchangani zina daraja la 7, yaani ni ngumu kuliko kioo. Mchanga mkali wa mtoni, uliochekechwa vizuri, utakitafuna kigae. Utakwenda polepole zaidi, na itakubidi uubadilishe kila punje zinapolainika, lakini utafika.

Pipa likizunguka, vigae hupanda upande mmoja na kuteleza kurudi chini. Kuteleza huko ndiko kunakosaga. Pipa likienda mbio mno, au likiwa na vigae vichache mno, vioo huanguka badala ya kuteleza, hugongana na kumeguka kingo. Umeingiza kigae kimoja kikali, watoka na vitatu. Kwa sababu hiyo wazoefu huchanganya vioo na kokoto ndogo laini, au vipande vya kauri, ili viwe kama godoro baina ya kioo na kioo.

Atakaye ule ukungu wa ufukoni tu, siku 3 hadi 7 za mchanga au unga wa punje nene humtosha. Atakaye mng'ao hana budi kuendelea: unga mwembamba zaidi, kisha mwembamba kuliko huo, kila hatua ikichukua kama juma zima, usiku na mchana. Kila hatua ina kazi moja, nayo ni kufuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia. Hapa askari asidanganywe na mazoea ya buti. Rangi ya viatu hujaza mashimo ya ngozi kwa nta, hivyo huficha kasoro. Mng'ao wa kioo haufichi kitu. Mkwaruzo ulioachwa katika hatua ya kwanza utajitokeza mwishoni kwa uwazi kuliko mwanzo, na dawa yake ni kurudi kwenye unga mnene na kuanza tena. Kadhalika, punje moja tu ya unga mnene iliyojificha kwenye kifuniko cha pipa yatosha kuharibu kazi ya juma zima. Ndiyo maana kati ya hatua na hatua pipa, kifuniko na kila kigae huoshwa kwa brashi na maji mengi. Wengi waliojaribu kazi hii wakaiacha, waliiacha kwa kuchoka kuosha.

SHANGA ZILIZOKUWA FEDHA

Yamkini wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo wa Wazungu usiotuhusu. Historia ya ziwa hili yasema vingine. Katika karne ya 19, kabla ya faranga na shilingi, kioo kilikuwa fedha katika mwambao huu. Stanley alipokuwa akifunga mizigo yake Unguja mwaka 1871, ilimlazimu kuuliza kwanza ni shanga zipi zinazokubaliwa wapi, maana shanga nyeusi zilizopokewa Ugogo zilikataliwa kwingineko. Mwezi Novemba mwaka huo huo yeye na Livingstone walipita kwa mtumbwi mbele ya mwambao huu, wakitoka Ujiji hadi Mto Rusizi, wakathibitisha kwamba mto huo waingia ziwani. Jiwe la ukumbusho wa safari yao lingali liko Mugere, kusini ya Bujumbura. Mwingereza Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, alikuta soko likiendeshwa kwa shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya shina la kiko. Asubuhi walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi wakiwabadilishia wanunuzi, na soko lilipofungwa wakazipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakapata faida yao. Hao ndio waliokuwa benki ya wakati ule.

Shanga nyingi za biashara hiyo zilitoka Venice, nchini Italia. Mafundi wa huko walivuta kioo cha moto kikawa mrija mrefu mwembamba, wakaukata vipande vidogo. Kipande kilichokatwa kilikuwa na kingo kali, kama kigae chetu. Basi walivichanganya vipande hivyo na chokaa na unga wa makaa ili matundu yasizibe, wakavitia katika pipa la chuma lililozungushwa juu ya moto mpaka kingo zikayeyuka na kuwa duara; mwisho wakavitikisa katika magunia ya pumba za nafaka ili ving'ae. Kwa hiyo kioo kilicholainishwa kwa kuzungushwa kilikwisha kufika katika masoko ya ziwa hili zaidi ya miaka 150 iliyopita, na babu zetu walikipokea kama fedha halali.

Jambo la pili lastahili kujulikana zaidi. Unga bora wa kumalizia kung'arisha kioo, utumiwao hata na mafundi wa miwani na darubini, ni oksidi ya seriamu. Seriamu ni mojawapo ya yale yaitwayo madini adimu, nayo hupatikana katika jiwe liitwalo bastinesaiti. Jiwe hilo limo katika vilima vya Gakara, juu ya mwambao huu huu, kusini ya Bujumbura. Wabelgiji walianza kulichimba zamani za utawala wao; kampuni ya kigeni ikafufua uchimbaji mwaka 2017, na mwaka 2021 Serikali ya Burundi ikausimamisha, kwa kutoridhika na mapato ambayo taifa lilipata. Mtu atakayeagiza kikopo cha unga huo kutoka ng'ambo na ajue kwamba mali ghafi yake imelala kilimani, mwendo mfupi kutoka barabara ya Rumonge.

Majirani zetu wamekwisha kuona faida ya kioo kilichotupwa. Kitengela, karibu na Nairobi, mafundi huyeyusha vioo vikuukuu na kutengeneza bilauri na mapambo. Na Arusha iko karakana iitwayo Shanga, ambako watu wenye ulemavu hufanya kazi ya kutengeneza shanga na vyombo kutokana na chupa zilizotumika. Hao wana tanuri. Askari wa kambini hahitaji tanuri. Anahitaji shughuli ya jioni isiyomaliza mshahara, na walio wengi kati yetu waijua thamani ya shughuli hiyo. Tangu Desemba 2007 hadi mwisho wa 2024 vikosi vya Burundi vilitumikia Somalia, na waliokuwa huko watakueleza kwamba saa za kungoja zilikuwa nyingi kuliko saa za mapambano. Pipa lizungukalo haliombi ulikodolee macho. Lataka ulifungue mara moja kwa siku, utoe hewa iliyojikusanya ndani, uangalie maji, ulifunge.

Mwenye kuanza na azingatie machache. Aokote akiwa amevaa buti na glavu nene, atumie ndoo wala si mfuko wa nailoni, na awe amechanjwa dhidi ya pepopunda. Taa za mrija asiziguse, kwani zina zebaki. Vioo vya televisheni za zamani navyo aviache, vina risasi ndani yake. Vioo vya karabai avitenge na vya chupa, maana ugumu wao si mmoja na kimoja kitamkwaruza mwenziwe. Asisage kioo kikavu hata siku moja: vumbi lake huingia mapafuni lisitoke. Na tope linalobaki pipani asilimwage katika bomba la maji machafu, kwani hugandamana humo kama saruji, wala asilirudishe ziwani. Alichimbie shimo mbali na kisima.

Vigae vikiisha kulainika, matumizi hayakosekani. Vya kahawia na vya kijani vikipangwa mbele ya bwalo katika saruji mbichi hufanya nembo ya kikosi isiyofutwa na mvua. Kabla ya kuvipanga, kila kimoja kipitishwe kidole gumba kuzunguka ukingo wote, na kinachokwaruza ngozi kirudishwe pipani.