Kamera Kuukuu: Inunuliwe Wakati Gani?

Juma lililopita alitufikia ofisini kijana mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, akaketi kwa adabu kwenye kiti cha wageni na bahasha ya kaki mkononi. Ndani ya bahasha zilikuwamo fedha za upatu. Zamu yake ilikuwa imefika, naye bado ana miezi sita ya kuwalipa wenzake. Alitaka kujua neno moja tu. Katika mtaa mmoja wa Kariakoo ameonyeshwa kamera ya dijitali iliyokwisha kutumika, Canon EOS 5D Mark II, na muuzaji amemwambia kwamba asipoichukua siku ile, kesho hataikuta. "Ndugu Mhariri," akasema, "niinunue sasa, au ningoje?"

Hatukumjibu papo hapo, maana swali lake si lake peke yake. Twawajua vijana wengi wa namna yake ambao, baada ya saa za kazi, hupiga picha za harusi, za ubatizo, za maulidi, za mahafali, na zile ndogo za paspoti. Kwa watu hao kamera si pambo la kuning'iniza shingoni. Ni chombo cha kazi, kama cherehani kwa mshonaji. Mwenye mshahara mnono akikosea kununua, atacheka na kununua nyingine. Huyu wetu akikosea, amekula jasho la mwaka mzima, na wenzake wa upatu hawatamsamehe hata senti.

Basi kwanza tuitazame kamera yenyewe. Ilitangazwa Septemba 2008, na bei yake huko Marekani ilikuwa karibu dola 2,700 bila lenzi. Kihisi chake, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga badala ya filamu, kina ukubwa sawa na filamu ya zamani ya milimita 35, na picha yake ina megapikseli 21. Iliweza pia kupiga sinema, hata mwaka 2010 kipindi cha mwisho wa msimu wa mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao House kilipigwa kwa kamera ya aina hiyo. Kisha Machi 2012 kiwanda kikatangaza Mark III, kwa bei ya karibu dola 3,500. Tangu siku hiyo Mark II ikaitwa ya zamani, ingawa haikupungukiwa hata msumari mmoja. Picha iliyoipiga Jumatatu ndiyo iliyoipiga Jumanne.

Hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kufumbua macho. Bei ya kamera haiangushwi na uchakavu peke yake. Huangushwa na tangazo la kiwanda, nalo tangazo halimngoji mtu. Fikirini habari ya Nikon D600. Ilitoka Septemba 2012, na haukupita muda watu wakaanza kulalamika kwamba madoa ya vumbi na mafuta yanakaa juu ya kihisi. Oktoba 2013, mwaka mmoja tu baadaye, ikatangazwa D610, ndugu yake wa tumbo moja. Aliyeinunua D600 mwezi Septemba wa mwaka ule alilala akiwa na kamera mpya, akaamka akiwa na kamera ya zamani yenye sifa mbaya. Lakini tazameni upande wa pili: Februari 2014 kiwanda kikatangaza kwamba kitazisafisha kamera hizo na kubadili shata zake bila malipo. Aliyesubiri hadi wakati ule, akainunua kwa bei iliyoshuka, tena ikiwa imekwisha kutengenezwa, alipata chombo kizuri kwa hasara ya mwenzake. Twasema hivyo bila furaha, lakini ndivyo soko lilivyo.

Kwa hiyo usinunue kamera wakati ingali inateremka ngazi. Ngoja ifike sakafuni. Mark II imekwisha kufika: bei yake leo haifikii robo ya bei ya kwanza, na ukiitunza, ukaiuza baada ya mwaka mmoja, hutapoteza kiasi kikubwa. Zile zilizo katikati ya ngazi ndizo za kuogopwa. Tangu mwaka 2018 Canon na Nikon wote wawili wameelekea kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na wapiga picha wakubwa wa Ulaya na Marekani wamezitupa sokoni zile zenye kioo. Zilizotengenezwa karibu na mwaka huo bado zaendelea kushuka. Mwenye haraka azinunue akijua anachokifanya. Mwenye fedha za upatu asubiri.

Je, kuna kusubiri kupita kiasi? Naam, kupo, na wengi wetu huangukia huko kwa tamaa ya bei ndogo. Kamera haifi kwa siku moja. Hufa kwa kukosa vitu vidogo vinavyoilisha. Chukueni kadi za kuhifadhia picha. Nyingi katika kamera zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2006, zile zinazotumia kadi za SD, hazisomi kadi inayozidi gigabaiti 2, kwa kuwa namna mpya ya kadi ilikuja mwaka huo huo. Nenda leo dukani uulize kadi ya gigabaiti 2 uone utakavyotazamwa. Mark II nayo hutumia kadi nene za CompactFlash, ambazo haziuzwi kila kona, wala kompyuta za siku hizi hazina tundu lake. Atakayeinunua adai apewe kadi mbili pamoja na kisomeo chake, la sivyo apunguziwe bei.

Kwa upande wa betri tuna bahati. Betri yake, LP-E6, ndiyo iliyotumika katika 7D, 60D, 6D na Mark III, na ndugu zake wapya bado huiwasha kamera hii. Zaidi ya hayo, kamera yenyewe husema kweli juu ya betri: katika orodha ya mipangilio kuna mahali panapoonyesha uwezo wake wa kupokea moto, kwa vijisanduku vitatu. Vyote vikiwa vya kijani, betri bado ina nguvu. Kikibaki kimoja chekundu, muuzaji anakuuzia jiwe.

Jambo ambalo wauzaji hawapendi kuulizwa ni umri wa shata. Shata ni lile pazia dogo mbele ya kihisi linalofunguka na kufunga kila picha inapopigwa. Kwa Mark II kiwanda kiliipima kwa mara 150,000. Haina maana kwamba itavunjika kwenye ile ya 150,001, wala haina maana kwamba haitavunjika kabla, lakini ni kipimo. Tufanye hesabu ya mfanyakazi. Katika harusi moja mpiga picha mwenye bidii aweza kubonyeza mara 1,000. Kamera iliyokwisha kupiga 60,000 imebakiwa na harusi 90, na mwenye kupata harusi moja kila juma atafanya kazi karibu miaka miwili. Iliyokwisha kupiga 140,000 imebakiwa na harusi kumi, hata kama ngozi yake inang'aa kama kiatu cha Idi. Hesabu hiyo haionekani katika kamera yenyewe ya Canon ya aina hii. Yahitaji kuunganishwa na kompyuta yenye programu ya kuisoma. Muuzaji akikataa kamera yake isiunganishwe, amekwisha kujibu.

Wala asidhani mtu kwamba kila cha zamani ni cha bei nafuu. Mwaka 2010 viwanda vilipeleka sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8, kwa kuwa simu zimezila zile ndogo za mfukoni. Mtu angetazamia kwamba hizo za mfukoni sasa zingeokotwa jalalani. Kumbe vijana wa nchi tajiri wamezigeuza kuwa mtindo, na bei zimepanda. Fujifilm X100V iliyotoka mwaka 2020 ilikuwa ikiuzwa mkono wa pili, miaka ya 2022 na 2023, kwa zaidi ya bei yake ya dukani. Kununua kitu wakati kinapoimbwa na kila mtu ni kuwalipia wengine ngoma yao.

Sasa tuseme habari ya lenzi, kwani hapo ndipo watu wa pwani tunapoumia kuliko wengine. Joto na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na ikila kioo hakuna fundi wa kukirudisha. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma, uchungulie kwa mbele. Usione haya kuchukua dakika kumi. Afadhali kamera yenye mikwaruzo na lenzi safi kuliko kinyume chake. Tena fedha inayowekwa kwenye lenzi haipotei upesi: lenzi za Canon za aina ya EF zilianza mwaka 1987, nazo hukaa hata kwenye kamera mpya za kiwanda hicho kwa kutumia kiungo. Kwa anayeanza, ile ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, isiyo ghali, yatosha ukumbini na studioni.

Kisha apige picha ya ukuta mweupe, tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi f/16, aikuze aone madoa. Afungue mlango wa kadi atazame vile vijipini vya ndani, maana kikipinda kimoja tu kadi haisomwi, na kukinyosha ni kazi ya fundi.

Hatutaki kumficha msomaji mapungufu ya kamera tunayoisifu. Ina alama tisa tu za kulenga, na katika ukumbi wenye taa hafifu ile ya katikati ndiyo ya kutegemewa. Sinema yake ya ubora wa juu hukatika ikifika kama dakika 12. Ina nafasi ya kadi moja, hivyo kadi ikiharibika, bibi harusi hana picha. Atakayeitumia harusini abadili kadi mara kwa mara, asiweke siku nzima katika kadi moja. Lakini picha yake yajaza karatasi ya ukubwa wa A3 bila kufifia, na sijaona bado bibi harusi wa Temeke aliyedai zaidi ya hapo.

Jumamosi tulifuatana na kijana wetu hadi Kariakoo. Yule muuzaji wa "kesho hutaikuta" alikuwa bado anayo. Betri ilionyesha kijisanduku kimoja chekundu, na tulipoitoa kompyuta yetu mkobani akasema umeme wa duka ni mbovu, ingawa kompyuta haikuhitaji umeme wake. Tukamshukuru tukaondoka. Siku nne baadaye kijana alipata nyingine ya aina ile ile kwa mpiga picha mstaafu huko Magomeni, imekwaruzika pembeni, hesabu yake 58,000 na kidogo, pamoja na kadi tatu, kisomeo na betri mbili. Zilimbakia fedha za kununua lenzi ya milimita 50. Jumapili hii ana ubatizo wa watoto wawili, na ameahidi kulipa upatu wa mwezi huu kwa fedha za kazi hiyo.