Ruhusa za Kundi katika Hifadhi ya Pamoja ya Git: Chanzo cha Hitilafu na Urekebishaji Wake

Watafiti wanaotunza matini zao katika hifadhi moja ya Git, kwenye seva ya Linux, hukabiliwa na hitilafu inayoonekana kuwa ya kubahatisha. Mtafiti hutuma mabadiliko yakapokelewa. Baadaye hutuma mengine yakakataliwa kwa kukosa ruhusa, ilhali mipangilio haijaguswa. Makala hii inafafanua kwamba hitilafu hiyo ina kanuni, na kwamba kanuni hiyo ndiyo inayoelekeza tiba.

Kwa kawaida, Git hukipa kila kipengee utambulisho wa tarakimu 40 za mfumo wa kumi na sita. Tarakimu 2 za mwanzo huwa jina la folda ndogo, hivyo folda hizo zaweza kufikia 256. Kila folda huundwa inapohitajika kwa mara ya kwanza, na humilikiwa na mtumaji wa kipengee hicho. Iwapo umask yake ni 022, wenzake wataweza kuisoma folda hiyo lakini hawataweza kuandika ndani yake. Kwa hiyo, mtafiti wa pili hufaulu kipengee chake kinapoangukia folda yake mwenyewe, na hukwama kinapoangukia ya mwenzake.

Uchunguzi basi uanzie kwenye folda. Faili za vipengee huwa za kusomwa tu, hata kwa mmiliki, na hilo si kosa. Yachunguzwe mambo matatu: folda ni ya kundi lipi, kundi hilo laweza kuandika, na alama ya setgid, inayofanya folda mpya zirithi kundi la folda mama, ipo.

Urekebishaji una sehemu mbili. Kwanza, msimamizi wa seva arejeshe kundi sahihi kwa chgrp -R, kisha azipe folda zote ruhusa ya g+rwxs kwa chmod. Pili, kigezo cha core.sharedRepository kiwekwe kuwa group. Kigezo hiki huongoza yatakayoundwa baadaye tu. Hakirekebishi folda za zamani. Ndiyo maana kukiweka peke yake hakumalizi tatizo.

Njia ya mkato ya chmod -R 777 haifai. Humfungulia kila mwenye akaunti kwenye seva mlango wa kusoma na kufuta. Pale hifadhi inapobeba mahojiano ambayo wahojiwa waliridhia yasomwe na kundi la utafiti pekee, njia hiyo huvunja ahadi waliyopewa.